Kwanza Jifunze Kuanguka

Ndugu msomaji, kama umekulia pwani ya kusini, iwe Kivinje, Masoko, Kilwa Pande au kule Lindi mjini, hapana shaka umewahi kujaribu kusimama kwa mikono. Labda ulikuwa na miaka saba au minane. Umetoka kuogelea, mwili umejaa chumvi, ukawaona wakubwa wanapinduka mchangani, nawe ukatupa miguu juu. Dunia ikageuka, bahari ikawa juu na mbingu chini, halafu puu! Uko chali, na wenzako wanakucheka. Wengi wetu sarakasi yetu iliishia siku ile ile. Tukajifuta mchanga tukasema: aa, haya mambo yana wenyewe.

Mimi leo nataka kulipinga neno hilo. Tangu mwaka 2022 nafanya mazoezi ya kusimama kwa mikono hapa Kilwa Masoko, mimi na vijana wenzangu kama kumi hivi, chini ya mtu tunayemwita Mjomba. Si mjomba wangu wa damu, ni mjomba wa mtaa mzima. Katika muda huo nimewaona wenye misuli wakishindwa na wembamba wakiweza. Nimemwona mama wa watoto watatu akisimama ukutani nusu dakika nzima. Na nimemwona mtoto aliyevunjika mkono. Hayo yote yamenionyesha kwamba kusimama kwa mikono hakuna wenyewe. Kuna waliofundishwa kuanguka, na kuna ambao hawakufundishwa. Basi.

Nikueleze kwanza Mjomba ni nani. Leo ukimkuta pale ufukweni utadhani ni mzee wa kawaida anayeshona nyavu. Lakini ujana wake aliula Dar es Salaam, miaka ya 1990, zama za vikundi vya maonyesho. Zama hizo Muungano ya Norbert Chenga ilikuwa inajaza kumbi, na TOT, yaani Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, nayo ilikuwa inajaza kumbi. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, kichekesho, mchezo wa kuigiza, taarabu, na humo humo katikati, sarakasi. Mjomba hakuwa katika vikundi hivyo vikubwa. Alikuwa katika kikundi kidogo tu cha mtaani kilichoiga wakubwa. Lakini anapenda kusema: "Watu walikuja kwa ajili ya taarabu, sikatai. Ila tulipopanda sisi, hata muuza karanga aliacha kuuza."

Na hao waliowafundisha kina Mjomba walifundishwa na nani? Hapa kuna historia ambayo vijana wengi hatuijui. Katikati ya miaka ya 1960 serikali yetu iliwapeleka vijana China wakajifunze sarakasi. Waliporudi, mwaka 1969, kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Baadaye vikundi vya taifa vikavunjwa, na mwaka 1981 ukaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa. Ujuzi ukatoka pale ukaenda kwenye kumbi za Dar, na kutoka kwenye kumbi ukarudi mitaani. Sisemi kwamba kabla ya hapo babu zetu hawakupinduka. Watoto wa pwani wamepiga kichwangomba mchangani miaka nenda miaka rudi. Lakini namna hii ya kufundishana kwa hatua, leo kifundo cha mkono, kesho bega, keshokutwa nyonga, imesafiri njia ndefu mpaka ikafika kwenye mchanga wa Jimbizi.

Halafu ikaja Februari 2024. Sitaki kusema mengi, maana hata wewe unaikumbuka. Ramadhani Brothers, vijana wetu wawili, Fadhili na Ibrahim, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani. Mwaka 2023 walifika fainali ya shindano kubwa la America's Got Talent wakarudi bila ubingwa. Safari hii wakaubeba. Mmoja anasimama kichwa chini, utosi wake juu ya utosi wa mwenzake, mikono hewani, hakuna anachoshika! Video zao zilizunguka kwenye kila simu. Pale kijiweni kwetu simu moja ilitazamwa na watu kumi na wawili kwa mpigo. Na watoto, kama ujuavyo watoto, hawakutazama tu. Wiki ile ile kila ukuta wa Masoko ulikuwa na alama za nyayo.

Mwisho wa mwezi huo huo mtoto mmoja wa jirani, umri miaka tisa, alijaribu peke yake nyuma ya nyumba yao, kwenye sakafu ya saruji. Alirusha miguu kwa nguvu zake zote. Miguu ikapita juu ya kichwa ikaenda upande wa pili. Alipoona anaanguka akabaki ameng'ang'ania chini, mkono mmoja ukabaki pale pale na mwili wote ukauzunguka. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kisukusuku. Akafungwa plasta ngumu, akakaa nayo wiki kadhaa. Usiku ule tulimsikia mama yake akilia kuliko hata mtoto mwenyewe.

Mtoto huyo hakuwa mwanafunzi wa Mjomba, wala hatukuwahi kumwona mazoezini. Lakini mtaa haukuangalia hilo. Mtaa uliona sarakasi, na sarakasi ya Masoko ni sisi. Siku chache kabla ya Ramadhani Mjomba akaitwa barazani kwa wazee. Tukaenda naye wanne, tukakaa chini, kimya.

Mzee mmoja, mtu wa heshima sana, akaanza kwa upole. Akasema: "Ndugu yetu, Mungu kampa mwanadamu miguu ya kusimamia. Mikono kampa ya kulia riziki na kuombea dua. Sasa ninyi mnafundisha watoto kinyume. Leo mkono, kesho shingo. Mimi naona mchezo huu ukome."

Wengine wakaitikia. Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa pembeni na mtandio umemfunika nusu ya uso, hakusema neno. Moyo wangu ulikuwa unadunda. Ukweli ni kwamba kama baraza lingesema hapana, isingewezekana tena. Huwezi kufanya mazoezi Kilwa kwa kificho. Mji wenyewe mdogo, ufukwe wenyewe wazi.

Mjomba akasubiri mpaka wote wamalize, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu usiku ule ule nisije nikayasahau. "Wazee wangu, shikamooni. Mtoto kaumia, na mimi nimeumia. Lakini nauliza, mwaka huu watoto wangapi wameanguka kwenye miembe? Na mibibo je? Hatukukata miti. Tuliwaambia watoto: shika tawi bichi, usikanyage kavu, na ukitaka kushuka shuka hivi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Huyu mtoto kwenye simu kaonyeshwa kupanda, hakuna aliyemwonyesha kushuka. Mkizuia mchezo, wataendelea kujificha nyuma ya nyumba, kwenye saruji. Nipeni mwezi mmoja baada ya Idi. Mwezi mzima sitamfundisha mtoto yeyote kusimama. Nitawafundisha kuanguka tu. Kisha mje mtazame, muamue."

Wazee wakatazamana. Yule mzee wa kwanza akacheka kidogo, akasema: "Shule ya kuanguka! Haya, tutaiona." Ndivyo tulivyopona.

Basi na mimi, ndugu msomaji, nitakueleza tulichofundishwa kwa mpangilio ule ule wa Mjomba, maana nimeona faida yake kwa macho yangu. Na kama wewe tayari unasimama, usiruke sehemu hii ukadhani ni ya watoto. Sisi tuliokuwa tunaweza tulianza upya pamoja na wasioweza, na wengi wetu tuligundua kwamba tulikuwa tunasimama kwa bahati.

Kuanguka kuna njia tatu. Ya kwanza ni kurudi ulikotoka: mguu mmoja unashuka, wa pili unaufuata, umekwisha. Hiyo ni rahisi, ila haikusaidii ukishapitiliza. Ya pili ni kugeuka ubavu. Ukihisi miguu inapita upande wa mgongo, unanyanyua kiganja kimoja, unakisogeza mbele hatua moja, unageuza nyonga, na miguu inashuka mmoja baada ya mwingine kama gurudumu la baiskeli linalobingirika. Hii ndiyo iliyomkosa yule mtoto. Mkono wake ulibaki ardhini wakati mwili unaondoka. Ya tatu ni kubingiria: unakunja viwiko polepole, unaleta kidevu kifuani, unaufanya mgongo mviringo, unaviringika kama tufe. Hiyo ya tatu ni ya mchangani tu. Usithubutu kuijaribu kwenye saruji.

Mwezi mzima tulifanya hizo tatu. Kila jioni kila mtu mara thelathini. Wapita njia walitushangaa: "Hawa nao vipi, mbona kazi yao kuanguka tu?" Lakini mabadiliko yalianza kuonekana wiki ya pili. Watoto waliacha kurusha miguu kwa pupa. Hofu ilikuwa inawafanya warushe kwa nguvu nyingi ili jambo liishe haraka, au warushe nusu nusu wasifike. Mtu anayejua atashukaje harushi kwa pupa. Anapanda taratibu kama mtu anayeingia kwake.

Baada ya kuanguka, vifundo vya mikono. Hapa ndipo wengi wanapojiharibu. Miguu imebeba uzito wetu tangu tuna mwaka mmoja. Vifundo vya mikono havijazoea, na vinatakiwa vikunjwe kwa pembe mraba huku mwili wote umekalia juu yake. Kwa hiyo piga magoti, weka viganja chini, vidole vimepanuliwa, egemea mbele na nyuma, kushoto na kulia, dakika tano. Kila siku. Kikiuma kiungo chenyewe, si msuli, pumzika. Mjomba ana kifundo kimoja kisichokunjika vizuri mpaka leo, kumbukumbu ya ukumbi mmoja wa Dar ambako walipanda jukwaani bila kupasha mwili joto.

Kisha ngalawa. Naam, ngalawa! Tunachagua iliyopandishwa pwani, tunamwomba mwenyewe ruhusa, tunaweka miguu juu ya ukingo wake na mikono mchangani. Mwili umelala kama ubao. Kila siku unasogeza mikono karibu kidogo na ngalawa, nyonga zinapanda, mpaka makalio yako juu kabisa na nusu ya uzito iko mabegani. Mtu yeyote anaweza kuanzia hapa. Yule mama wa watoto watatu alianzia hivi, ila yeye na wasichana hufanya uani kwa Mjomba, wakitumia kinu kilicholazwa badala ya ngalawa. Wanavaa suruali ndani, mtandio wanaufunga nyuma kwa fundo, na mke wa Mjomba ndiye anayewasimamia.

Halafu ukuta. Wengi wanaujua ule wa kurusha miguu mgongo ukielekea ukutani. Mjomba anaanza na wa kinyume: unasimama ukiupa ukuta mgongo, unaweka viganja chini, unapanda ukuta kwa miguu hatua kwa hatua kinyumenyume, kifua kikiutazama ukuta. Hapo mwili hauwezi kujipinda kama upinde. Kaza tumbo, kaza makalio, bana mapaja, sukuma ardhi mpaka mabega yaguse masikio. Viwiko visikunjwe. Anza na sekunde kumi. Ukifika dakika moja bila kutetemeka, umemaliza darasa la kwanza. Na tafadhali, ukuta uwe wa nyumba yako. Kuna wageni na hata wenzetu niliowaona wakitaka kupanda miguu kwenye kuta za Kisiwani, pale Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ili wapigwe picha. Kuta zile zimesimama mamia ya miaka na ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Ziache.

Sasa tunafika kwenye kusimama kwenyewe, bila ukuta. Hapa nguvu inakwisha kazi yake na kazi ya vidole inaanza. Hebu simama kwa miguu sasa hivi, fumba macho, usikilize mwili. Utaona hutulii. Mwili unayumba, na vifundo vya miguu pamoja na vidole vinaurudisha, siku zote, bila wewe kujua. Ukisimama kwa mikono kazi ile ile inahamia kwenye kiganja. Mwili ukielemea upande wa mgongo, bana ncha za vidole ardhini kama unayetaka kuchimba. Ukielemea upande wa tumbo, bonyeza kwa kitako cha kiganja. Hii ya pili ni dhaifu, kwa hiyo afadhali uzito uwe mbele kidogo, kwenye vidole, kuliko nyuma. Macho yatazame sehemu moja tu mchangani, baina ya viganja, mbele kidogo. Sisi tunaweka kauri. Ukiona kauri haitembei, umesimama.

Kuna jambo lililonishangaza. Kutembea kwa mikono ni rahisi kuliko kusimama tuli. Nilikuwa nadhani ni kinyume. Lakini anayetembea anaanguka na kuwahi, anaanguka na kuwahi, kila hatua inamwokoa kwenye anguko la hatua iliyopita. Anayesimama tuli hana pa kukimbilia. Ndiyo maana watoto hutembea hatua kumi wakishangiliwa, na ukiwaambia wasimame tu, hata sekunde moja hawafiki. Usivunjike moyo kwa hilo. Katika mashindano ya jimnastiki ya wanaume, mtu aliyesimama kwa mikono kwenye pete anatakiwa ashikilie sekunde 2 ili ahesabiwe. Sekunde mbili! Kwa hiyo siku ulipopata sekunde mbili zako za kwanza kwenye mchanga wa Jimbizi, usijidharau.

Nao mchanga una elimu yake. Mchanga mkavu wa juu haufai. Kiganja kinazama, kifundo kinakunjwa kupita kiasi. Unataka ule ulioachwa na maji sasa hivi, ulioshikana, unaokanyagika bila kudidimia. Kwa hiyo mwanasarakasi wa Kilwa lazima ajue maji kama mvuvi. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanajaa alasiri na kutoka kama saa nne asubuhi, basi mazoezi ni asubuhi. Yakija maji mafu, jioni kunakuwa na mchanga wa kutosha. Kabla ya kuweka kiganja, pita kwanza na mguu: toa vigae vya chupa, makombe na vipande vya matumbawe.

Na wapo ambao ni bora wasipinduke. Mwenye presha ya kupanda, mwenye presha ya macho, mama mjamzito, hawa wamwone daktari kwanza. Wewe mwenye afya nawe usipinduke ukiwa umetoka kula wali. Dakika kumi au kumi na tano za kupanda na kushuka kwa siku zinatosha. Mwili unajifunza ukiwa haujachoka. Ukishachoka unajifunza makosa.

Narudi kwenye habari ya baraza. Mwezi ulipotimia wazee walikuja kweli, watano, wakakaa juu ya magogo. Hatukuwaonyesha hata mtu mmoja aliyesimama. Watoto walipanga mstari, mmoja mmoja wakapanda, na kila aliyepanda Mjomba alimsukuma kidogo kwenye nyonga kwa kiganja, pu! Na kila mtoto aligeuka ubavu akatua kwa miguu yake, kama paka. Walisukumwa mbele, wakasukumwa kulia, wakasukumwa kushoto. Wote walitua. Yule mzee wa kwanza alitazama muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe mnawafundisha kutoumia." Hakusema zaidi. Mchezo haukukoma.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba kila mtu aliridhika. Mama yangu mzazi mpaka leo haridhiki. Yeye hahofii mkono kuvunjika, anahofia siku kupotea. Alinisomesha mpaka kidato cha nne kwa kuuza vitumbua na pweza. Siku moja nimerudi na mchanga kichwani, akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Mwanangu, nimekusomesha ili usimame kwa miguu yako. Wewe umekwenda kusimama kwa mikono."

Nikamjibu: "Mama, ni mazoezi tu."

"Na yale madaftari unayoandika usiku, nayo mazoezi?"

Sikuwa na jibu. Mimi naandika riwaya, ndugu msomaji, na wewe unayesoma gazeti hili pengine nawe unaandika, kwa hiyo unalijua swali hilo. Yatakupa nini? Ningeweza kumtajia Ramadhani Brothers na dola zao 250,000. Ningeweza kumwambia kuna vijana waliopita shule ya sarakasi ya Mama Africa pale Dar es Salaam, iliyoasisiwa na Mzimbabwe Winston Ruddle, wakazunguka Ulaya na onyesho la Mother Africa. Ningeweza kumwambia kuna wanaokula kwa kupinduka kwenye mahoteli ya Zanzibar na Mombasa. Yote ni kweli. Lakini Mjomba naye ni kweli. Alipinduka miaka minane, akarudi nyumbani na kifundo kibovu na begi moja. Atakayekuambia sarakasi ina pesa akuambie na hiyo.

Kwa hiyo sikumjibu mama kwa pesa. Siku nyingine, akiwa anakuna nazi, nilimwambia hivi: "Mama, zamani nikianza jambo nikiona gumu niliacha, kwa sababu niliogopa kuonekana nimeanguka. Sasa naanguka mara thelathini kila jioni mbele za watu." Akaendelea kukuna. Baadaye akasema: "Basi angalau uniletee maji kabla ya kwenda kuanguka." Tangu siku hiyo nachota ndoo mbili, kisha ndio nakwenda.

Na kwenye madaftari nimeona jambo lile lile. Wengi wetu tunaotaka kuandika tunafanana na yule mtoto nyuma ya nyumba. Tumeona wakubwa wamesimama, tunarusha miguu kwa nguvu zote, sura ya kwanza inatoka kwa kishindo, ya pili inapitiliza, tunabaki tumeng'ang'ania sentensi moja mpaka hadithi nzima inatuvunjikia mkononi. Hatujui kushuka. Hatujui kuacha ukurasa mbovu na kutua salama ili kesho tupande tena. Mimi sasa naandika ukurasa mmoja kwa siku, na ukianguka, nageuka ubavu, nafunga daftari, nalala.

Yule mtoto je? Plasta ilitolewa, mkono ukawa mwembamba na hautaki kunyooka. Mama yake aliapa hatamwona tena karibu na sisi, na hakuna aliyemlaumu. Ikapita miezi. Siku moja jioni akaja naye mwenyewe, kamshika mkono ule ule uliovunjika. Akamwambia Mjomba: "Huyu kupinduka sitaki. Ila nasikia mnafundisha kuanguka. Mfundishe hilo, maana miembe yote ya mtaa huu kaimaliza."

Mjomba akamwamkua, akamkaribisha akae kwenye gogo. Akamchukua mtoto, akampeleka kwenye mchanga ulioshikana, akamwambia aweke viganja chini, asinyanyue mguu hata mmoja, atazame kauri tu. Mtoto akauliza: "Halafu?"

"Halafu hakuna. Leo ni hivyo tu. Kesho uje tena."

Na kesho yake akaja. Wewe nawe uje, popote ulipo, kama una mita mbili za ardhi laini na mtu wa kukusimamia. Weka viganja chini. Utazame hapo katikati. Usiwe na haraka ya kupanda.